Inchi Kumi na Sita

Kifua chembamba kuliko vyote nilivyopima kambini
kilikuwa inchi thelathini na mbili:
kuruta wa Maracha, mbavu kama kamba za kitanda.
Leo, hapa Ediofe, juu ya mkeka wa mke wangu,
utepe umezunguka mara moja na bado umebaki mwingi.
Inchi kumi na sita.
Mwenyewe akaupiga teke.

"Wewe fundi wa magwanda," Onziru anacheka,
anapepeta simsim, "hilo gauni la ubatizo
utalitia na vyeo mabegani?"
Sijibu. Nina pini mdomoni.

Marinda haya hayataki cherehani.
Nimetia nukta kwa penseli, safu kumi na moja,
ndogo kama alama za inzi ukutani,
kisha uzi wa kukusanya, ingia, toka, ingia,
hadi yadi moja na nusu ya bafta
ikajikunja kiganjani
kama uyoga ukiutazama kwa chini.
Nahesabu kwa Kiswahili. Nyumbani tunasema Kilugbara,
lakini Kiswahili ndicho kilichofundisha mikono yangu amri:
moja, mbili, shika rinda la kulia, vuta,
moja, mbili, la kushoto, vuta, usikaze,
kwa uzi wenye rangi ya dang'a.

Jioni, kabla umeme haujafanya tabia zake,
Ezama wa jirani hunitungia uzi sindano kumi,
huzichomeka kwenye kipande cha muhogo
zikasimama mstari, mikia imening'inia.
"Babu, macho yako yamestaafu?"
Yamestaafu, mwanangu, na hayakupewa kiinua mgongo.

Miaka ishirini na sita nilishona majina
juu ya mifuko ya mashati.
Herufi nyeusi, mshono wa kurudi nyuma.
Baadhi yalirudi bila vifua.
Nikayafumua kwa wembe, nikang'oa nyuzi kwa kucha,
kwa kuwa shati lilikuwa bado zima
na nje ya mlango kulikuwa na mwingine wa kulivaa.
Hili sijamwambia mtu.
Naliambia rinda, nalibana.

Mama yake huyu tulimwita Candiru, yaani taabu.
Mwaka ule hakuna aliyehangaika kutafuta jina jingine.
Alibatizwa na gauni la kuazima
lenye doa la chai kwenye mkono,
nami niko mbali, nakaza vifungo vya watu.
Hajanilaumu hata siku moja.
Jumanne aliketi mlangoni akinyonyesha,
akaviangalia vidole vyangu, akaviangalia,
nikangoja.
"Baba," akasema, "safu ya nne imepinda."

Kweli imepinda.
Nilifumua usiku ule ule, kwa mkasi mdogo,
wembe sikuugusa.

Imebaki kazi niliyokuwa naiogopa:
kuzivuta nyuzi za kukusanya, moja moja,
zile zilizoshikilia kila kitu tangu Kwaresima.
Nilidhani marinda yatamwagika yote mapajani.
Hayakumwagika. Yalishusha pumzi.
Kifua cha gauni kikatanuka, kikarudi,
kikatanuka, kikarudi,
kama cha mtu aliyelala siku isiyo zamu yake.
Onziru akaacha ungo.
Akalichukua, akalipindua ndani nje
(mke wa fundi hutazama mgongo wa mshono),
akalirudisha bila neno.
Kwake hiyo ni medali.

Pindo nimeliachia vidole vitatu kwa ndani,
maana hawa hukua ukienda kuteka maji.
Jumapili padri atamwita Ayikoru, furaha,
na maji yatamwingia sikioni, atalia, basi.
Nilikuwa nimekwisha kulichora kwa penseli hilo jina
kifuani, mahali nilipozoea.
Sindano ya kumi ilikuwa bado kwenye muhogo.
Nikalifuta kwa kidole chenye mate.
Watalibeba watu midomoni.

Na mfuko sikuweka.