Makosa Manne

Saa nne usiku, Erzurum. Theluji imemeza
baiskeli ya mlinzi, imebakiza kengele.
Darasa la tuisheni linanuka soksi zilizolowa,
nasi watano tunabishana, swali la thelathini na moja
limelala mezani bila mwenyewe.

Sheria ni hii: ukikosa manne,
moja ulilopata linafutwa.
"Hata mwizi," asema Tuncay, "haibi kwa hesabu hiyo."

Gülizar hacheki. Babake huchochea moto wa hamamu ya mtaani.
"Mtihani ndio mlango pekee
usioniuliza mimi binti wa nani."

"Unauliza, ila kwa sauti ya chini.
Unauliza vitabu vya mazoezi umenunua vingapi.
Unauliza kama chumba unachosomea kina mlango."

Birika linachemka, hakuna anayelitazama.
Neslişah, anayerudia mara ya tatu,
anachonga penseli mpaka inazidiwa na kidole gumba,
wala hasemi yuko upande gani.

Mimi? Mimi ni bingwa wa kuacha wazi.
Nisilolijua silibahatishi:
nafasi tupu haina meno.

Nyumbani, supu ya dengu imefunikwa sahani,
sahani imefunikwa taulo.
Mama, gizani, nilidhani amelala:
"Ukifaulu, utatuacha?"

A, B, C, D, E.
Nimesimama na kijiko,
theluji inayeyuka ndani ya kiatu,
sijatia alama popote.