Sentimita

Muuzaji wa mtaa wa Borgo Palazzo aliapa:
"Hiki kitamtosha hadi uzeeni."
Kitundu cha ghorofa mbili, ngazi ya plastiki ya waridi,
urefu sitini, upana arobaini,
na bei iliyokula ovataimu zangu za wiki nzima
pale kiwandani tunapokata nati.
Nilikipakata ndani ya basi, Bergamo nzima,
kama mtu aliyebeba keki.

Yesenia, miaka tisa, alipiga magoti akakitazama.
Hakusema asante. Alisema, "Baba, nipe tepu."

Alianza na simbilisi mwenyewe, Polenta, pua hadi tako:
ishirini na sita akitulia, na hatulii.
Kisha kitundu. Akatoa kijumba cha kulala,
akatoa bakuli, akatoa hori la nyasi kavu,
akanionyesha jibu kwenye daftari la hesabu.
Kilichobaki kilitosha ugeuke, urudi.
"Na ghorofa?" niliuliza, maana ghorofa nililipia.
"Huyu si paka, baba. Anataka chini. Chini kurefu."

Kwetu Tarata hatukuwa na vitundu.
Walizagaa jikoni kwa bibi yangu,
kumi, kumi na watano, nani aliwahesabu?
Waliiba maganda ya viazi, wakapiga mluzi moto ukiwashwa,
na siku za sherehe walipungua.
Hilo sikumwambia. Ila niliikumbuka ile sakafu,
ilivyokuwa yao ukuta kwa ukuta
mpaka asubuhi ya mwisho.

Basi nikatafuta msumeno.
Rafu za kabati alilotupa mzee Pesenti wa chini,
blanketi kuukuu, waya, skrubu nilizoombea kazini.
Mita mbili kasoro kidogo, kwa sentimita themanini.
Haikuenea popote ila pale penye meza.
Meza ikashushwa stoo,
tukaanza kula tumepakata sahani
kama watu wa msibani.

Akaja wa pili, maana upweke ni kifungo hata uwanjani:
mweusi, uso umekunjamana,
tukamwita Chunyo, kile kiazi cha kwetu
kinachokaushwa kwa jalidi ya milimani.
Siku mbili walijibanza kona moja,
palepale, sitini kwa arobaini,
utadhani kuta zimewafuata.

Usiku wa tatu nikasikia kishindo chepesi. Tena kingine.
Nikamulika kwa simu.
Polenta anaruka! Miguu yote minne hewani,
anajipinda kama punje ya bisi sufuriani,
bila sababu, bila wa kumtazama.
Nikazima haraka. Niliona haya,
kama niliyefungua mlango bila kubisha.

Jumapili Nelva alirudi kwa saa zake nane.
Siku sita hulala kwa Bi Locatelli,
kumgeuza, kumlisha, kumwitikia saa tisa za usiku,
katika chumba kilichokuwa cha pasi
na chupa za nyanya za msimu uliopita.
Alivua viatu, akavuka uzio,
akajilaza chali juu ya blanketi, miguu imenyooka.
Chunyo akamnusa kisigino.
"Mama, unawabana," Yesenia alimkanya.
"Dakika tano tu."
Alilala saa mbili. Wale wawili walimzunguka
kama maji yanavyozunguka jiwe,
na sisi tukakaa kimya, sahani mapajani.

Jioni, akifunga mkoba, aliomba tepu.
Sikuuliza.

Saa nne usiku simu ikalia, ujumbe wake:
*Moja na sabini kwa mbili na kumi.
Ukitoa kitanda, ukitoa meza ya pasi*
Hakumalizia.

Yesenia alikuwa bado macho.
Akaisoma, akaenda kuchukua daftari,
akafungua ukurasa mpya,
akalamba ncha ya penseli.