Maji Maangavu

Watalii walilisifu ziwa.
Walisema wanaona jiwe kwa jiwe hadi chini,
mita kumi na mbili, kama kioo kilichofutwa.
Mama hakuwajibu. Alikunja mkono wa sweta,
akachota maji kwa chupa, akayapima, akaandika:
Ljostjønn, Jumamosi, nne nukta sita.

Siku tano za wiki Torbjørg, mama yangu,
alifundisha kemia kule bondeni.
Ya sita alikuwa wa ziwa,
nami, mwenye miaka kumi na mmoja, wa makasia.

"Namba hii," aliniambia, "ni ngazi iliyopinduliwa.
Ukishuka, ukali unapanda.
Na kila kidato ni mara kumi.
Saba ni maji yasiyo na upande.
Sita, mara kumi. Tano, mara mia.
Haya, hesabu tulipo."
Nilihesabu. Zaidi ya mara mia mbili.
Nikasahau kupiga kasia.

Babu Aslak hakuamini namba.
Alilaumu fisi maji, akalaumu jirani.
Nyavu zake zilipanda tupu, safi, kama zimefuliwa.
Trauti wa mwisho alikuwa mkubwa kupindukia;
babu alimpima kwa mkono mzima, akacheka.
Mama ndiye aliyetoka nje akalia:
mkubwa vile, bila mdogo hata mmoja nyuma yake.

Moshi ulitoka mbali, ng'ambo ya bahari,
kwenye mabomba ya watu tusiowajua.
Salfa ilipanda na mvuke, ikashuka na mvua,
ikakuta mwamba wetu wa itale,
mgumu, mzuri, usio na chokaa hata ya kulipia tone moja.

"Asidi ni mtoaji," alisema mama.
"Ana protoni isiyomkaa mkononi,
humtwika yeyote aliye karibu."
Kutoa ni moyo, ndiyo. Lakini hapa hapakuwa na moyo.
Protoni iliingia udongoni, ikaibandua alumini,
nayo alumini ikaenda kukaa
kwenye matamvua ya samaki, kama kamasi.

"Na besi?"
"Besi ni anayekubali kupokea."

Nilimwomba anionyeshe.
Kabichi nyekundu ikachemka juu ya jiko la kuni,
maji yake ya zambarau tukayagawa vikombe viwili.
Siki: yakaona haya, yakawa mekundu.
Magadi: yakawa buluu, halafu kijani cha chupa.
Kisha akamimina kidogo kidogo, hiki ndani ya kile,
povu likafura, likaharibu kitambaa cha meza cha bibi,
na zambarau ikarudi ilikotoka.
"Nani kashinda?" nikauliza.
"Hakuna. Imebaki chumvi, na maji."
Nilitia ulimi. Chumvi kweli, lakini ya kutema.

Mwezi wa Juni lori lilileta chokaa iliyosagwa,
magunia mia nne, na mashua ya wilaya.
Tulimwaga tangu asubuhi.
Nywele za mama zikazeeka kwa saa moja,
ziwa likageuka uji.
Babu alisimama ufukweni, kofia mkononi
kama mtu aliyefika mazishini,
akasema, "Mmelichafua."
Alikufa kabla halijatulia.

Sasa chupa ni zangu.
Kila mwaka wa pili magunia hurudi,
kwa kuwa mvua, ingawa imepoa, haijanyamaza.
Leo ni sita nukta mbili.
Mtalii mmoja, na mbwa wake, ameniuliza
mbona maji haya yana utusitusi,
kitabu chake cha zamani kiliahidi kioo.

Nimeinama nje ya mashua.
Naona mita tatu, pengine nne, kisha giza.
Humo gizani kitu kimepita,
kikageuka,
kikaonyesha ubavu.