Jumapili Haina Gwaride

Afande Luhende,
naandika kwa kalamu ya kuazima dukani,
maana kila cha jeshi nilikirudisha ghalani:
magwanda, mkanda, na buti la kushoto lililochanika.
Ulisaini mwenyewe. Ijumaa, saa kumi na moja.

Jumapili tulikuwa Sikonge, arusini kwa Nyanzala,
mimi na shati la maua alilonishonea mke wangu,
wewe na kanzu.
Hapakuwa na mwenye cheo pale
ila mpishi, aliyeshika upawa.

Ukasema: Mihayo, inuka, mpishe mgeni.
Nikasema: Mzee mwenzangu, leo Jumapili.
Watu wakacheka.
Nadhani kosa lilizaliwa hapo,
si katika kukaa kwangu, katika kicheko chao.

Sasa karatasi imekuja na mhuri:
kudharau amri halali.
Niripoti Tabora mjini, Jumatano, saa mbili, bila kukosa.

Nauliza tu, wala sibishi.
Posho yangu ni ya siku nne kwa mwezi
(na huu mwezi wa tatu haijaja).
Zile ishirini na sita nyingine ni za nani?
Nilidhani ni za nyuki.
Nina mizinga arobaini na mitatu porini,
kila mmoja nimeutundika kwa kamba na magoti haya,
na hakuna nyuki aliyewahi kuniuliza namba yangu.

Mkinishitaki kwa sheria ya jeshi
nikiwa na shati la maua,
je, nikianguka mtini na shati lilo hilo
jeshi litanizika? Kwa bendera?
Au mtasema: huyo raia, mwiteni mjomba wake?
Ngozi huvutwa ingali mbichi, najua,
lakini ninyi mnaivuta upande mmoja.

Karani wenu, yule kijana Kapela,
alinionyesha kitabu chini ya meza.
Kinasema: awapo kazini.
Nikashusha pumzi.
Akafunua ukurasa wa pili:
au popote atakapoliaibisha jeshi.
Akakifunga. Akaniomba asali ya kikohozi.

Liko jambo jingine, afande,
ambalo Jumatano sitalitamka mbele ya meza yenu.
Jana magharibi natoka porini na ndoo mkononi,
binti yangu Kabula kasimama juu ya kinu kilichopinduliwa,
anacheza, hata hakuniona,
akapaza sauti kuwaamrisha kuku:
Mguuu... sawa!

Visigino vyangu vikagongana
kabla sijajua ni nani aliyeamuru.
Asali ikamwagika juu ya kandambili.
Kabula akageuka, akacheka mpaka akateleza kinuni,
na kuku wakatawanyika, wao walio huru,
nami nimesimama vilevile,
kidevu juu, kifua mbele,
namngoja mtoto wa miaka sita
aseme mguu pande.