Nyuma ya Tanuri

Kazi yangu ni kuzeesha.
Kaptula zikitoka kwa Ngoie, fundi wa Kamalondo,
bado zina mstari wa pasi na harufu ya duka.
Nazichemsha na majani ya chai,
nazisugua udongo mwekundu, magoti nayakwangua kwa tofali,
matako nayapaka grisi,
mpaka zifanane na mtu aliyekufa kabla mama yangu hajazaliwa.

Shefu Mwepu anazinusa moja moja.
"Hii inanuka sabuni."
Namwambia kambini sabuni ilikuwapo,
bibi yangu alipewa kipande kila Jumamosi, pamoja na unga na chumvi,
akafua mpaka kaptula zikang'aa kama meno.
"Mujinga," asema, "wageni hawakulipa kuona usafi."
Basi nazirudisha vumbini.

Saa mbili wanaingia vibarua wa mwaka wa thelathini na moja.
Chansa anamalizia kitumbula, ananiachia simu yake,
"Mke wangu akipiga, sema niko shimoni,"
kisha anavaa kofia ya kapita,
na uso wake unafungwa kama mlango wa stoo.
Kaumba anadai viatu.
Namkumbusha: wewe huna viatu mpaka saa kumi.
Shingoni nawavisha namba,
visahani nilivyokata kwenye makopo ya nyanya.
Kimoja nimekigonga tarakimu za babu yangu.
Simwambii anayekivaa. Kila siku anakivaa mwingine.

Halafu nakwenda kwangu, nyuma ya tanuri.
Mbele, wanaume wawili wanavukuta ngozi za mbuzi
kama wayeyusha mukuba wa zamani, wakiimba.
Nyuma, mimi na feni ya umeme,
bomba lake limepita chini ya udongo hadi motoni.
Ngozi zile ni za macho tu.
Na shaba inayomiminika, watu wakapiga makofi,
haitoki katika mawe ya kijani yaliyopangwa vikapuni.
Ni waya.
Nimezimenya usiku kwa kisu cha jikoni,
kilo tatu, soko la Kenya. Kenya mtaa wetu, si ile nchi.

Alhamisi, wanafunzi sitini kutoka Likasi wamesimama juani,
kuran ikakatika.
Feni ikakoroma, ikanyamaza.
Moto ukafifia, ukaanza kuwa mweusi pembeni.
Mbele bado wanaimba. Wimbo hauna plagi.

Nikatoka, mimi nisiyetakiwa kuonekana,
na blauzi yangu ya mwaka huu, na miwani,
nikashika ngozi.
Ikapasuka. Nikaiziba kwa pini na pindo la kitenge.
Chansa akatupa kiboko, akashika ya pili.
Waya zilikuwa stoo, ufunguo ulikuwa kwa shefu,
shefu alikuwa mjini.
"Tieni mawe," nikasema.
"Yapi?"
"Haya. Ya vikapuni."

Hakuna aliyeimba tena; pumzi ilikuwa na kazi.
Makala gunia moja, makala gunia la pili.
Saa sita basi la wanafunzi likapiga honi, likaondoka;
mwalimu alituaga kwa mbali, kama mtu anayepita msibani.
Sisi tulivukuta.
Kaumba akaenda kuvaa viatu, akarudi kuvukuta.
Saa tisa, ulimi wa moto ukageuka kijani.

Tulipobomoa tanuri tulikuta mavi meusi, mengi,
mtoto wa ule mlima unaoonekana toka kila mtaa wa mji huu.
Na katikati, shaba.
Kubwa kama haragwe.
Tuliipitisha mkono kwa mkono, ya moto bado,
kila mmoja akailaani, akampa mwenzake.
Mwisho ilibaki kwangu, ndani ya kopo la pini.

Kesho yake shefu akakuta blauzi yangu kwenye kamba ya nguo za kazi,
matundu ya cheche, masizi, jasho lililokauka mfano wa ramani.
Akaigeuza, akainusa.
"Hii ndiyo sawa," akasema. "Uliifanyaje?"
Nilikuwa natafuta kitambaa cha kufunga kiganja.