Safu ya Mwendo

Mwezi Machi barafu ya Baikali ina unene wa mita moja na shubiri.
Bair anaitoboa kwa keekee, injini inakohoa,
nami nashusha wavu wa hariri hadi fundo la hamsini la kamba.
Unaporudi juu, kikombe chake kina kitu kama chumvi iliyomwagika,
chumvi inayotembea.

Kopepodi. Mweke kando ya punje ya mtama, punje inakuwa jabali.

Zinaida Lvovna alinifundisha kuwatenga
asubuhi kabla ya chai, macho yakiwa hayajachoka:
jike ni mpana wa mabega, kiuno kimenyooka,
na akiwa na mayai huyabeba nyuma katika kifuko kimoja
kama mtu aliyetoka sokoni na mzigo asiotaka kuutua.
Dume ni mwembamba. Tumbo lake limepinda upande,
na kipapasi cha kulia kina kiwiko,
bawaba ya mlango ambao bado hajauona.
"Tazama kiwiko," alisema, "mengine yatakudanganya."

Nimetazama viwiko miaka ishirini na sita.
Tone la formalini, wanalala ubavu,
nami naandika: majike 41, madume 17, watoto wasiohesabika.
Hapana. Wanahesabika; nao nawahesabu.
Daftari lina safu ya urefu, safu ya upana,
safu ya mayai. Safu ya mwendo haimo.
Aliyekufa haogelei.

Ndiyo maana huiba kijiko kimoja cha walio hai,
nikakimimina katika gilasi iliyokuwa ya haradali,
pale dirishani penye baridi.
Bair hudhani ni maji ya kuoshea brashi.

Jike huogelea kama anayesoma:
mstari, mstari, kituo.
Anajivutia maji kinywani kwa miguu isiyotulia, anakula akienda.
Ukigonga gilasi anaruka mara moja, kisha anaendelea na ukurasa.
Dume hana ukurasa. Kulia, juu, chini, kulia tena,
anachora kitu ambacho mchoraji angekikunja akakitupa.
Na mahali ambapo jike alipita akaondoka
ghafla anasimama.
Hakuna kitu pale. Maji tu.
Lakini kwa kiumbe wa kimo kile maji ni mazito kama uji,
hayasahau upesi: njia ya jike ingali ndani yake, na harufu.
Dume anazunguka, anaikamata njia,
anakimbia nayo
kinyume.

Anaelekea alikotoka jike. Kasi yote ile, kiwiko tayari,
kwenda mahali ambapo hayupo tena.
Njia inafifia. Anageuka. Anairudia yote,
wala hapunguzi mwendo kwa aibu.

Nilicheka mpaka Bair akauliza kuna nini.
Tukienda dukani, yeye hutangulia, hurudi, hutangulia tena;
mimi kilomita mbili, yeye nne,
na mfuko wa viazi uko mkononi mwangu.
Nilitaka kumwambia. Nikamsikia Zinaida Lvovna, aliyezikwa kule mlimani:
"Tuyana, usitafute methali ndani ya tone. Hesabu."

Haya. Nahesabu.
Ila leo, pembezoni mwa daftari, nje ya safu zote,
nimechora kwa penseli mstari mmoja ulionyooka
na mwingine uliopotea, ukarudi.
Sikuandika upi ni wa nani.
Atakayekuja baada yangu naye aweke gilasi dirishani.