Sekunde Kumi

Barua ya mkuu wa idara ilisema "bila kukosa,"
tukaja Nyegezi Jumatano, wahadhiri ishirini na wanne,
kila mmoja na kalamu ya bure, daftari la bure
na uso wa mtu aliyekwisha kujua.
Juu ya bati korongo wawili walitembea polepole
kama wasimamizi wa mtihani.

Mimi nafundisha mwendo wa vimiminika, mwaka wa kumi na tisa.
Noti zangu zimegeuka njano;
nazijua hadi mahali pa kukohoa.
Nikakaa karibu na mlango, nikamnong'oneza Dakta Rutashobya:
"Posho wanatoa leo au kesho?"

Mwezeshaji, Bi Ng'walu, hakuwasha projekta.
Alimwaga mezani nyuzi za nailoni na sindano za nyavu.
"Leo hamfundishi," akasema,
akamwita Magesa, fundi wa karakana,
ambaye kwa miaka sita nimeitikia salamu yake
bila kumuuliza jina la pili.

Magesa akatupa mgongo.
Mikono ikapita: juu, chini, kitanzi, vuta.
"Mmeelewa?"
"Ndiyo."
"Kuna swali?"
Kimya.
"Haya, fanyeni."
(Alikuwa ameagizwa afanye vile. Sikujua.
Nilidhani ananiigiza.)

Fundo langu la kwanza lilifunguka lenyewe.
La pili lilikamata kidole.
La tatu halikuwa fundo, ilikuwa aibu yenye uzi.
Rutashobya, shahada tatu, akachungulia kwangu,
nami nikachungulia kwake,
tukanakiliana giza.
Kisha nikaficha mikono chini ya meza,
na hapo nikaiona safu yangu ya nyuma:
Kulwa Shigela, anayeandika kila neno, hata kikohozi;
Nyabuchwenza, anayetikisa kichwa ndiyo, ndiyo, muhula mzima,
halafu anarudisha karatasi nyeupe
kama mfupa wa sato uliolambwa.

"Ukiuliza, subiri," alisema Bi Ng'walu tukikunja nyuzi.
"Hesabu hadi kumi. Usijijibu."
Tukacheka. Sekunde kumi?
Muda wa kufungua soda na kuionja.
Posho ikatoka. Nilisaini. Sitadanganya, nilifurahi,
nikapitia Mwaloni kununua dagaa.

Jumatatu, ukumbi namba nne, wanafunzi mia na sitini,
feni moja hai kati ya tatu.
"Kwa nini maji hukimbia zaidi bomba linapokuwa jembamba?"
Moja.
Mbili. Jibu limenijaa mdomoni kama ugali wa moto.
Tatu.
Nne. Kifuniko cha kalamu kinaanguka, kinabingirika, kinasimama.
Tano. Sijawahi kuusikia ukumbi huu.
Kumbe una jenereta ya jirani,
una mtu anayepumua kwa pua iliyoziba,
una madaftari yanayojipepea.
Sita.
Saba ni ndefu kama foleni ya kivuko cha Kamanga,
na mimi ndiye niliyesahau tiketi.
Nane:
nyuma kabisa, kidole.
Si kidole hasa. Nusu yake,
kinaomba ruhusa ya kuwa kidole.

Si Kulwa. Si Nyabuchwenza.
Ni binti ambaye sikumbuki kumwona, ingawa ni Mei.
"Labda, Dakta... labda maji yanaogopa kubanwa."

Kicheko kikaanza upande wa dirishani.
Kalamu nyekundu iliyomo ndani yangu ikainuka:
si sahihi, kaa chini, ukurasa wa arobaini.
Lakini mkono ulikuwa mfukoni,
ukagusa uzi wa nailoni, fundo la nne,
lile lililokaribia kushika.

"Unaitwa nani?"
"Minza, Dakta."
"Minza nani?"
"Minza Lukelesha."

"Endelea, Minza Lukelesha.
Yakiogopa, yanafanyaje?"

Moja.